Jinsi ya kutambua musi, hepatika na antoserota katika mazingira ya Bukavu

Mji wa Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na msimu wake wa mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Unyevu huo unatosha kabisa kuotesha mimea midogo ya kijani kwenye kuta, mawe ya ngazi, kingo za mifereji na magome ya miti, mimea ambayo watu wengi huikwangua wanaposafisha nyumba bila hata kuitazama. Inasikitisha kwamba mwanafunzi wa biolojia huisoma kwa michoro ya ubaoni tu, ilhali imeota upande wa pili wa ukuta wa darasa lake. Mwongozo huu unamwelekeza mwanafunzi, mwalimu au mtu yeyote mwenye hamu ya kujua, ili aweze kutoka nje na kuyatenganisha makundi matatu ya mimea hiyo, yaani musi, hepatika na antoserota, ambayo kwa pamoja huitwa briofita.

Briofita ni mimea ya nchi kavu isiyo na maua, isiyo na mbegu, na isiyo na mizizi ya kweli. Duniani zinajulikana takriban spishi 12,000 za musi, takriban 7,000 za hepatika, na kama 200 tu za antoserota. Katika makundi yote matatu, mmea wa kijani tunaouona ni gametofiti, wenye seti moja tu ya kromosomu katika kila seli. Seli za uzazi za kiume huogelea kwenye utando wa maji hadi kulifikia yai, na yai lililorutubishwa hukua na kuwa sporofiti, ambayo hubaki imeshikamana na mmea mama, ikilishwa nao, mpaka itoe spora, yaani chembe ndogo sana zinazoota kuwa mimea mipya. Jambo hili lazima lieleweke kabla ya kuinama kutazama chochote, kwa sababu rangi ya kijani haitenganishi kundi na kundi. Kinachotenganisha kwa uhakika zaidi ni sporofiti, jinsi inavyokua na jinsi inavyofunguka.

Vifaa na namna ya kutazama

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: lenzi ya mkono inayokuza mara 10 au 20, kisu kidogo, chupa ya maji, karatasi za kukunjia sampuli na kalamu ya risasi. Lenzi ishikwe karibu kabisa na jicho, kisha mmea ndio usogezwe taratibu mpaka uonekane vizuri, kwani anayeiweka lenzi mbali na jicho huona eneo dogo mno na huchoka mapema. Mmea ukiwa mkavu, unyunyizie maji na usubiri dakika chache, kwa maana majani ya briofita hujikunja yanapokauka na kupotosha umbo lake halisi.

Kazi ya kwanza ni kuondoa visivyohusika. Kuvumwani, yaani ushirika wa kuvu na mwani, huwa na rangi ya kijivu au manjano iliyofifia na hauna majani hata kidogo. Nyuzi za kijivu zinazoning'inia kwenye miti ya milimani mara nyingi ni kuvumwani wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) iitwayo Usnea, na utando wa kijivu unaotangulia kuota juu ya lava upande wa Goma mara nyingi ni kuvumwani wa jenasi Stereocaulon. Utelezi wa kijani usio na umbo lolote ni mwani. Vilevile kuna jamii ndogo za kangaga zenye majani membamba mno hata mwanga unapenya, lakini hizo zina mishipa inayogawanyika ndani ya jani, jambo ambalo huwezi kulikuta kwenye briofita.

Musi

Anzia ukutani. Chomoa shina moja kutoka kwenye kishungi na ulitazame: majani ya musi yamelizunguka shina pande zote, kwa kawaida yana ncha moja, na mengi yana mshipa wa kati unaotoka kwenye kitako cha jani kuelekea kwenye ncha. Mshipa huo ni alama muhimu sana, kwa sababu majani ya hepatika hayana. Kwenye nyufa za saruji na pembeni mwa barabara za mji utakuta Bryum argenteum, musi ndogo yenye rangi ya fedha, inayoota katika miji mingi ya dunia. Weupe wake hutokana na sehemu za juu za majani kukosa klorofili. Mahali palipochomwa moto, hasa palipotengenezewa makala, tafuta Funaria hygrometrica, ambayo vikonyo vyake vyekundu-kahawia, yaani vijiti vinavyobeba vifuko vya spora, hujisokota na kujisokotoa kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika.

Funaria ndiyo musi ninayoipendekeza kwa somo la kwanza la sporofiti, kwa sababu mara nyingi hupatikana kwa wingi na vifuko vyake vya spora ni vikubwa vya kutosha. Tazama hatua kwa hatua. Kikonyo hurefuka kwanza, kifuko kikiwa bado hakijakomaa, na kikonyo hicho kina ugumu wa kudumu kwa wiki nyingi. Kileleni kuna kofia nyembamba, ambayo asili yake ni mmea mama na wala si sporofiti yenyewe. Iondoe kwa ncha ya kisu. Chini yake kuna kifuniko kidogo cha duara. Kifuko kikikomaa, kifuniko hicho huanguka chenyewe, na mdomo uliobaki wazi huonekana umezungukwa na meno membamba. Katika musi nyingi meno haya hujikunja au kujinyosha kutokana na unyevu, na ukipumulia kifuko kikavu huku ukikitazama kwa lenzi, huenda ukaona meno yakisogea mbele ya macho yako. Hivyo spora hutoka kidogo kidogo, katika hali ya hewa inayofaa, badala ya kumwagika zote kwa mara moja.

Idadi ya meno hayo ni nne au vizidishio vyake: Funaria ina 16 ya nje na 16 ya ndani, Pogonatum ina 32, Polytrichum kwa kawaida 64. Daktari wa Kijerumani Johannes Hedwig, aliyefariki mwaka 1799, aliyatumia meno haya kuzipanga musi, na majina ya kisayansi ya sehemu kubwa ya musi huhesabiwa kuanzia kazi yake iliyochapishwa mwaka 1801. Anayetaka kuvuka hatua ya kutenganisha makundi na kufikia majina ya jenasi hana budi kuyazoea.

Hepatika

Hepatika zipo za namna mbili, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea, kwa kuwa vitabu vya shule huonyesha namna moja tu.

Namna ya kwanza ni bamba bapa la kijani linalotambaa juu ya udongo au jiwe lenye maji na kugawanyika mara mbili mbili. Mfano wake maarufu ni Marchantia, inayopenda kingo za mifereji na mahali ambapo maji ya paa hudondoka daima. Uso wake umegawanyika katika vijieneo vidogo vyenye pembe sita, na katikati ya kila kimoja kuna kitundu cha hewa kinachoonekana wazi kwa lenzi. Juu ya bamba huwa kuna vikombe vidogo vilivyojaa vipande vya kijani. Tone la mvua likiangukia humo, vipande hurushwa na kuota mimea mipya bila kurutubishwa. Wakati wa kuzaliana kwa spora huchomoza vijiti vyenye vichwa: vya kiume ni bapa, vya kike vimegawanyika katika miale mithili ya mwavuli.

Namna ya pili ina shina na majani, na ndiyo yenye spishi nyingi zaidi, hasa kwenye magome ya miti ya misitu ya milimani. Kwa mtazamo wa haraka utadhani ni musi. Geuza mmea chini juu. Majani yamepangwa katika safu mbili za pembeni, na mara nyingi kuna safu ya tatu ya majani madogo upande wa tumbo; hayana mshipa wa kati, na mengi yamegawanyika ncha mbili au zaidi. Frullania, yenye rangi ya hudhurungi inayoelekea wekundu, ina sehemu ya jani iliyokunjwa kuwa kifuko kidogo kinachohifadhi maji. Jihadhari na Fissidens, ambayo ni musi halisi ingawa majani yake yamelala katika safu mbili. Mshipa wa kati ndio unaoifichua.

Sporofiti ya hepatika hufuata utaratibu tofauti na ule wa musi. Kifuko hukomaa kwanza, ndipo kikonyo kirefuke kwa haraka. Kikonyo chenyewe ni cheupe, laini, kimejaa maji, na hunyauka baada ya siku chache. Kifuko cheusi au cha kahawia hakina kifuniko wala meno, bali kwa kawaida hupasuka vipande vinne, na ndani yake spora zimechanganyika na nyuzi zilizojisokota ambazo husaidia kuzitawanya.

Antoserota

Kundi hili ni adimu machoni mwa watu, lakini kulitambua ni rahisi ukilipata likiwa na sporofiti. Tafuta kwenye udongo mtupu wenye unyevu: kingo za njia, matuta ya barabara, mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Bamba lake ni la kijani kilichokolea, ni kama limepakwa mafuta, na halina vile vitundu vya Marchantia. Juu yake husimama pembe nyembamba za kijani, zenye urefu wa sentimita chache, zisizo na kikonyo. Pembe hukua kutoka chini, kwa hiyo ncha inaweza kuwa imekwisha kukauka, kupasuka vipande viwili na kumwaga spora, wakati sehemu ya chini bado inakua. Spora za manjano huelekeza kwenye Phaeoceros, na spora nyeusi au za kahawia iliyokolea huelekeza kwenye Anthoceros.

Ukiliinua bamba kuelekea kwenye mwanga utaona madoa meusi yanayoelekea ubuluu ndani yake. Hayo ni makoloni ya Nostoc, bakteria wanaoishi humo na kuupatia mmea nitrojeni. Kwa hadubini, seli nyingi za antoserota huonyesha kloroplasti moja kubwa tu, tofauti na seli za musi na hepatika ambazo zina nyingi ndogo.

Kukusanya na kuhifadhi

Chukua kishungi kidogo, uache sehemu kubwa ya mmea mahali pake. Katika Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1980, usichukue chochote bila idhini ya ICCN, taasisi ya Kongo ya uhifadhi wa mazingira. Huko tazama, piga picha na uandike.

Kunja karatasi kuwa bahasha, weka sampuli, na uandike kwa kalamu ya risasi tarehe, mahali, mwinuko, jina la mkusanyaji na kitu ambacho mmea uliota juu yake, yaani jiwe, udongo, gome au saruji. Maelezo haya yaandikwe palepale. Usitumie mfuko wa plastiki kwa muda mrefu, kwa sababu sampuli itaota ukungu. Ianike kivulini penye hewa, bila kuikandamiza. Sampuli iliyokaushwa vizuri hudumu miaka mingi, na ukiilowesha hurudia umbo lake.

Isipokuwa jambo moja. Seli za hepatika nyingi zina matone ya mafuta yaliyofungwa ndani ya utando, ambayo idadi na umbo lake husaidia sana kutaja jenasi, nayo hutoweka mmea unapokauka. Kwa hiyo kama shule yako ina hadubini, hepatika zitangulie kuchunguzwa zikiwa mbichi, siku ileile zilipochumwa, na michoro ya matone hayo iwekwe ndani ya bahasha pamoja na sampuli. Musi zinaweza kusubiri.