Kuiga kwa kompyuta tabia za kikwanta za haidrojeni kwenye barafu, hatua kwa hatua

Uigaji wa kawaida huchukulia kiini cha atomu kama chembe inayofuata sheria za Newton. Kwa haidrojeni hapo tunakosea sana: hata kwenye sifuri kamili haitulii. Tutatumia programu mbili: i-PI kusogeza viini na LAMMPS kukokotoa kani.

1. Andaa barafu. Haidrojeni zikae bila mpangilio maalumu, ila kila oksijeni iwe na mbili za karibu na mbili za mbali. Ukikiuka hapo, yote yanayofuata ni bure.

2. Chagua modeli ya kani. Anza na q-TIP4P/F, iliyotengenezwa kwa ajili ya viini vya kikwanta. Modeli iliyorekebishwa ilingane na vipimo kwa viini vya kawaida tayari imemeza sehemu ya athari za kikwanta. Ukiitumia, utazihesabu mara mbili.

3. Amua idadi ya shanga. Katika mbinu ya i-PI (path integral), iliyotokana na kazi ya mwanafizikia Feynman, kila kiini hugeuka kidani cha shanga zilizounganishwa kwa springi. Gawanya masafa ya juu kabisa ya mtikisiko kwa halijoto, zote katika kipimo kimoja; shanga zizidi jibu. Kifungo cha O–H kina takriban 3,400 cm⁻¹. Kelvini 250 ni sawa na 174 cm⁻¹. Jibu ni karibu 20, basi weka nbeads (idadi ya shanga kwenye i-PI) 32. Ukishuka hadi kelvini 100 jibu linafika 49, na 32 hazitoshi tena. Wengi hunakili 32 kila mahali, usifanye hivyo.

4. Endesha. Hatua ya muda iwe femtosekunde 0.25, themostati (kidhibiti halijoto) iwe PILE, aina iliyomo kwenye i-PI. Fungua LAMMPS kadhaa kwa pamoja, kila moja ipokee shanga zake.

5. Kagua. Omba kinetic_cv, yaani nishati ya mwendo, ya haidrojeni peke yake. Hesabu ya kawaida kwa kelvini 250 ingetoa elektronivolti 0.032 kwa atomu. Ya kikwanta itakaribia 0.15. Ongeza shanga mara mbili, uendeshe tena. Namba ikipanda waziwazi, shanga zilikuwa chache.

6. Badili haidrojeni iwe dutiriamu (haidrojeni nzito), kwa kuongeza masi tu, huku kanieneo ikidhibitiwa. Barafu halisi ya dutiriamu ina ujazo mkubwa kidogo kuliko ya kawaida, kinyume na matarajio. q-TIP4P/F hukosea mwelekeo huo. Kama ujazo ndio swali lako, hamia kwenye kani zinazokokotolewa kutoka kwa elektroni zenyewe.