Shule ya sekondari ya Kikatoliki imechakaa: itengenezwe au ihamishwe? Mwongozo kwa Goma

Mabati yanapovuja na kuta zinapopasuka, wazo linalotolewa mapema katika mikutano ya wazazi ni kuuza kiwanja cha mjini na kujenga upya pembezoni, ambako ardhi ni nafuu. Mwongozo huu ni kwa mapadri, masista, wakuu wa shule na kamati za wazazi wanaolazimika kulijibu wazo hilo, na msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: jengo bovu si sababu ya kutosha ya kuhama. Ardhi mbaya ndiyo sababu. Ukuta una fundi wake, lakini hakuna fundi wa kuiondoa shule katika njia ya lava.

Kwa hiyo anzeni na ardhi, kabla hata ya kumwita mjenzi. Nyiragongo, volkano iliyo kaskazini mwa Goma, mashariki mwa Kongo, ililipuka Januari 1977, ikalipuka tena Januari 17, 2002 na Mei 22, 2021. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikaliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mwaka 2021 iliishia Buhene, ukingoni mwa mji upande wa kaskazini. Anayependekeza shule ihamie huko kwa sababu viwanja ni vya bei ndogo anapaswa kueleza mbele ya wazazi kwa nini watoto wausogelee mlima. Upande wa magharibi, kuelekea Lac Vert na Bulengo, swali ni la mazuku, yaani kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini: ni nzito kuliko hewa, haionekani kwa macho, na hutulia mabondeni, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Waulizeni wenyeji ni wapi mbuzi na kuku hukutwa wamekufa, na ni wapi wanawakataza watoto wao kucheza. Kisha waombeni wataalamu wa OVG, kituo kinachochunguza volkano zetu, wapime na wawaonyeshe ramani ya hatari. Mtu wa shule asishuke bondeni kujipimia mwenyewe. Uchunguzi huu ufanyike katika kiwanja cha sasa na katika kile kinachotamaniwa, na ikiwa ni cha sasa kinachopatikana na hatia, msitumie hata mfuko mmoja wa simenti kukitengeneza.

Ardhi ikiwa salama, geukieni kuta. Baada ya mlipuko wa Mei 2021 mji ulitetemeka siku nyingi mfululizo, na majengo mengi yamebaki na nyufa za wakati ule ambazo watu huziogopa zote kwa pamoja, ingawa hazilingani hata kidogo. Ufa mwembamba kama unywele, ulio kwenye plasta tu, ni kazi ya siku moja. Ufa unaoshuka mshazari kutoka kona ya dirisha hadi sakafuni, ukipita ndani ya matofali, ndio wa kufuatilia. Chukueni kipande chembamba cha kioo, kigandisheni kwa simenti kukatiza ufa huo, andikeni tarehe pembeni, kisha mrudi kukitazama kila mwezi katika majira yote ya mvua. Kioo kikivunjika, ukuta bado unatembea na mhandisi lazima auchunguze msingi. Kikibaki kizima, ufa ni wa zamani na unaweza kuzibwa. Chunguzeni pia kama juu ya kuta kuna mkanda wa zege wenye nondo unaozishikanisha zote, kwa maana darasa lisilo na mkanda huo ni la kuogopwa katika tetemeko hata kama limepakwa rangi jana.

Kutu ya mabati haithibitishi kwamba jengo limekwisha. Moshi wa volkano una asidi, na paa la Goma huisha mapema kuliko paa la kwingineko. Bajeti ya shule yoyote hapa, mpya au ya zamani, inapaswa kulihesabu paa kama kitu cha kubadilishwa mara kwa mara. Moshi huohuo hutia floridi katika maji ya mvua, na floridi ikizidi huharibu meno ya watoto, kwa hiyo tangi la maji ya paa litumike kwa usafi, na maji ya kunywa yatafutiwe njia nyingine. Kuhusu vyoo, kuchimba shimo katika makoro, yaani mawe ya lava iliyoganda, ni kazi ghali, nayo husahauliwa karibu kila mara katika makadirio ya shule mpya. Mashimo mliyo nayo tayari ni mali.

Sasa wahesabuni watoto. Asubuhi moja, kabla ya kengele, watu wawili wasimame langoni na daftari, wamwulize kila mwanafunzi anatoka mtaa gani na amefikaje: kwa miguu, kwa pikipiki, au kwa gari. Shule inayopata watoto wengi kutoka Birere, Mabanga na Majengo wanaokuja kwa miguu, ikihamishiwa mbali, inaongeza nauli juu ya karo. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya msingi. Sekondari wazazi bado wanalipa. Familia isiyomudu vyote viwili itamwondoa mtoto mmoja, na naamini mara nyingi atakayeondolewa ni msichana. Shule ya Kanisa haina haki ya kulichukulia jambo hilo kuwa dogo.

Sheria nayo haifanyi kuuza kuwe rahisi. Kwa sheria ya Julai 20, 1973, ardhi ni ya Serikali, na jimbo la Kanisa au shirika la watawa lina haki ya kuitumia tu. Angalieni katika cheti cha usajili haki hiyo inaisha lini. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni za 1291 hadi 1294, zinadai sababu ya haki, tathmini ya wataalamu kwa maandishi na ruhusa ya wakubwa husika kabla ya mali yenye thamani kubwa kuuzwa. Shule za mkataba, yaani za Kanisa zilizo chini ya makubaliano na Serikali, pia zinasimamiwa pamoja na Serikali tangu makubaliano ya 1977, kwa hiyo koordinasio (ofisi ya uratibu) ya shule za Kikatoliki na Proved, mkuu wa elimu wa mkoa, wajulishwe mapema. Tangu kundi la waasi la M23 lilipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, hati mpya ya ardhi inaweza kupingwa baadaye na upande mwingine, na kwa sababu hiyo peke yake mimi nisingeuza kiwanja chenye hati safi ya zamani.

Mkiamua kutengeneza, fanyeni jengo moja kwa wakati, kazi nzito ikiangukia likizo ya Julai na Agosti, na ombeni shule jirani iwapokee wakati wa mchana wanafunzi waliobaki bila darasa. Mkilazimika kuhama, yahamisheni madarasa ya chini kwanza, na wale wanaojiandaa kwa mtihani wa Serikali waachwe wamalize mwaka wao mahali walipouanzia.