Somo: Kupanga droni ya propela nne kwa bajeti ndogo

Wakuu, wengi hununua mota kwanza, kisha ndiyo waulize zibebe nini. Anza na mzani wa jikoni.

Hatua ya 1: Uzito
Tuchukue saizi ya milimita 450, inayopimwa kwa mshazari kutoka mota hadi mota. Fremu gramu 280, mota nne za saizi ya 2212 (920KV) kama 220, ESC nne (vidhibiti vya kasi ya mota) 100, betri ya lipo 3S (seli tatu kwa mfululizo) ya 2200mAh kama 180, propela, bodi (ubongo wa droni), risiva (kipokezi cha rimoti) na nyaya 120. Jumla 900. Mota zote zikifunguliwa mpaka mwisho zivute angalau mara mbili ya hapo, yaani gramu 1,800. Mota hizi, kwa propela ya inchi 10, huvuta karibu gramu 800 kila moja, kwa hiyo ziada ipo hata ukifunga kamera ndogo.

Usidanganyike na KV kubwa. KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti, si nguvu. Mota ya 2200KV inataka propela ndogo ya inchi 5 au 6. Ukiifunga ya 10 itakula ampea kupita kiasi na kuungua, na ESC itafuata.

Hatua ya 2: Fremu
Hapa ndipo pa kubana pesa. Mikono iwe ya mbao nyepesi iliyonyooka, isiyo na kifundo, milimita 12 kwa 12. Sahani za katikati plaiwudi ya milimita 3. Mbao humeza mtetemo vizuri kuliko alumini, na mkono ukivunjika unachonga mwingine jioni hiyo hiyo. Mota jirani zitaachana milimita 318. Propela ni 254, inabaki nafasi ya 64.

Angalia urefu wa bolti za mota. Bolti ya M3 ikizidi, ncha yake inakwangua vanishi ya waya wa shaba ndani, na mota inapiga shoti. Weka multimita kwenye mlio, gusa bolti na kila waya wa mota: isilie.

Hatua ya 3: Umeme
ESC za 30A zinatosha sana. Kama zina BEC (sehemu inayotoa volti 5) na ndizo zinazolisha bodi, acha waya mwekundu mmoja tu wa volti 5. Mitatu ichomoe na uizibe kwa utepe.

Siku ya kwanza usichomeke betri moja kwa moja. Pitisha waya chanya kwenye balbu ya gari ya volti 12, wati 21. Ikimweka na kuzima, sawa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, na balbu imekuokolea bodi.

Hatua ya 4: Bodi na rimoti
Bodi ya F4 (aina ya chipu yake) yenye programu ya Betaflight na rimoti ya chaneli 6 zinatosha. Jaribu kila kitu bila propela, pamoja na kuzima rimoti uone kama mota zinasimama. Ruhusa ya kurusha hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga: Kenya ni KCAA, Tanzania ni TCAA. Uliza kabla hujatumia pesa.

MASWALI

*Mkuu, yangu inapinduka mara tu ikitaka kuinuka.*
Namba za mota. Betaflight inaita mota ya nyuma kulia namba 1, programu ya ArduPilot inaita namba 1 ya mbele kulia. Ukifuata mchoro wa programu nyingine, lazima ipinduke. Kama namba ziko sawa, angalia upande wa mzunguko: badilishana waya wowote mbili kati ya tatu za mota. Mwisho, hakikisha propela haijafungwa juu chini.

*Itakaa hewani dakika ngapi?*
Ikielea inakula kama ampea 11. Tumia asilimia 80 ya betri tu: dakika 9 hivi, pungufu kukiwa na upepo.

*Naweza kutumia seli za betri ya laptop? Ni bei poa.*
Hapana. Tatu kwa mfululizo zinafikisha volti, ila nyingi hazitoi zaidi ya ampea 4 au 5. Volti itaporomoka kabla haijanyanyuka.

*Lipo imevimba kidogo, bado inachajika?*
Inachajika, na inaweza kuwaka. Itoe kazini. Nzima nazo chajia juu ya vigae, kwa chaja inayosawazisha seli, na zihifadhi zikiwa na volti 3.8 kwa seli, si zikiwa zimejaa.