Namna ya Kuchunguza Mbegu za Kiume za Kolembola na Jamaa Zake Ukiwa Tanga

Mwalimu au mwanafunzi wa biolojia anayetaka kuchunguza mbegu za kiume za jamaa wa kale wa wadudu halazimiki kupanda hadi Amani na kuomba kibali cha hifadhi, kwani majani yaliyooza chini ya mwembe huko Pongwe, au nyuma ya nyumba yoyote yenye kivuli mjini, yanamtosha. Wakati mzuri ni masika, kuanzia Machi hadi Mei. Wanaotafutwa kwanza ni kolembola, viumbe wa miguu sita wasio na mabawa, wengi wao wakiwa na urefu wa milimita 1 hadi 3, ambao hujirusha kwa kifyatuo kilichokunjwa chini ya tumbo.

Kata chupa kubwa ya maji, geuza sehemu ya juu iwe faneli, tandika kipande cha chandarua ndani yake, kisha jaza majani na uning'inize taa juu. Joto na ukavu huwasukuma wanyama kushuka. Njia hii ilianzishwa na Antonio Berlese mwaka 1905, na taa ikaongezwa baadaye na Albert Tullgren. Wengi huweka spiriti chini ya faneli, lakini kwa kazi hii spiriti haifai, kwa sababu tunawahitaji wakiwa hai; weka badala yake karatasi iliyoloweshwa maji.

Wahamishie kwenye kikopo chenye sakafu ya jasi iliyochanganywa na unga wa mkaa, sehemu tisa kwa moja. Sakafu hiyo hushika unyevu, na weusi wake ndio utakaokuwezesha kuona kitu cheupe kilicho kidogo mno. Walishe chembechembe za hamira, kidogo tu, maana ikizidi huota ukungu.

Sasa tazama sakafu hiyo kwa lenzi, huku mwanga ukitoka ubavuni. Katika spishi nyingi dume halimpandi jike, bali huacha chini spermatofori, yaani tone la manii lililosimama juu ya kijiti chembamba, na jike hupita baadaye na kulichukua kwa tundu lake la uzazi. Tone hukauka upesi, na hiyo ndiyo sababu ya kusisitiza unyevu. Ukiliona, liguse kwa ncha ya sindano, liweke kwenye tone la maji ya chumvi (gramu 9 kwa lita moja ya maji yaliyokenekwa), funika kwa kioo chembamba na utazame kwa ukuzaji wa mara 400. Usitarajie kuona mikia ikichapa: mbegu za kolembola hukaa ndani ya spermatofori zikiwa zimejikunja, na hukunjuka zikishaingia katika njia ya uzazi ya jike.

Ili kuona hatua za ukuaji, tumia wale wadudu wa rangi ya fedha wenye mikia mitatu wanaokula karatasi na gundi ya vitabu makabatini. Chagua mkubwa asiye na mrija wa kutagia mayai nyuma ya tumbo, mpasue ndani ya maji ya chumvi, toa korodani na uziponde taratibu chini ya kioo pamoja na tone la rangi ya methilini buluu. Utakuta vifuko ambavyo seli za kila kimoja ziko katika hatua ileile: hapa seli za mviringo, pale seli zilizokwisha kurefuka, viini vyake vikiwa vyembamba na vimekolea rangi. Katika Thermobia domestica, mmoja wa jamii hiyo, mbegu zilizokomaa huungana mbili mbili.

Hapo ndipo hadubini ya kawaida inapofikia kikomo. Haitenganishi vitu vilivyokaribiana kuliko takriban mikromita 0.2, na huo ndio karibu unene wote wa mhimili wa mkia. Muundo wa ndani itabidi uusome katika picha za hadubini ya elektroni, kama zile za watafiti Baccio Baccetti na Romano Dallai wa Siena, Italia.

Katika picha ya mkia uliokatwa kimkingamo, anza kuhesabu kutoka katikati. Kolembola wana vijineli (mirija midogo mno ndani ya mkia) viwili vya katikati na jozi tisa zinazovizunguka, yaani 9+2, mpangilio wa kale unaopatikana pia nje kabisa ya ulimwengu wa wanyama. Diplura, jamaa wengine wadogo wa miguu sita wasio na mabawa, na wadudu wenyewe huongeza vijineli tisa vya nje, vinavyochipuka kutoka kwenye zile jozi wakati seli inarefuka, na kufanya 9+9+2. Nyongeza hiyo ni miongoni mwa hoja za kuwaweka diplura karibu na wadudu kuliko kolembola, ingawa vinywa vya diplura na vya kolembola vyote vimefichwa ndani ya kichwa.

Protura, kundi jingine la jamaa wadogo wa miguu sita wasio na mabawa, ndio watakaokupotosha ukidhani kila kilicho sahili ni cha kale. Miongoni mwao, Acerentomon ana jozi 14 bila vijineli vya katikati, na mbegu za Eosentomon hazina mkia wala haziogelei. Kwa kuwa 9+2 imeenea mno kwa viumbe wengine, maelezo ya busara ni kwamba protura walikuwa nayo, kisha ikabadilika kwa baadhi yao na kupotea kabisa kwa wengine.