Kukusanya tokeni za kale za wenye maduka

Tokeni ni kipande cha shaba au alumini alichoagiza mwenye duka, kikiwa na jina lake na biashara yake. Nyingine zilitumika kama chenji. Uingereza zilienea kati ya 1787 na 1797 kwa kuwa sarafu ndogo za serikali ziliadimika.

Anza na fani moja, tuseme vinyozi. Mimi niliokota kila kitu, na mwaka ulipoisha nilikuwa na kopo la vyuma nisivyojua vimetoka wapi.

Usisafishe. Narudia: usisafishe! Tokeni yangu ya kwanza, hudhurungi iliyokolea, niliisugua kwa dawa ya meno mpaka ikang'aa. Chini ya kioo cha kukuzia ikaonekana mikwaruzo midogomidogo imepita juu ya kila herufi. Mwenzangu tuliyepanga kubadilishana naye aliitazama, akanirudishia kimya. Ikiwa na matope, iloweke kwenye maji safi, kisha ikaushe kwa kugusagusa na kitambaa laini.

Kujua umri wake, linganisha jina na anwani na vitabu vya zamani vya orodha za wafanyabiashara. Ukiambiwa tokeni ya alumini ni ya 1790, ondoka. Chuma hicho kilishuka bei mwishoni mwa karne ya 19.

Plastiki laini ya PVC huacha utando wa kijani unaonata, kwa hiyo tumia bahasha za karatasi isiyo na asidi. Juu yake andika kipenyo, uzito na ulikoipata, kabla ya kuitia tokeni ndani.