Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuandika Insha ya Kiingereza: Wakati Uliopita

Mtahiniwa wa Mombasa anayejiandaa kwa karatasi ya tatu ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya sekondari nchini Kenya, kwa kawaida huanza na kukariri orodha ya vitenzi. Orodha hiyo ni ya lazima. Hata hivyo, makosa yanayonisikitisha zaidi ninaposahihisha insha za masimulizi hayatokani na kusahau kwamba "bring" hugeuka "brought", bali hutokana na mazoea ya Kiswahili chetu.

La kwanza ni kiambishi -me-. Sisi husema "nimefika jana" na sikio halikatai, lakini "I have arrived yesterday" ni kosa, kwa sababu Kiingereza kikishatajiwa siku au mwaka uliokwisha hudai "I arrived yesterday". Basi kabla ya kuandika sentensi, jiulize kama tukio limewekewa wakati wake. Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, kwa hiyo tutaandika "The Portuguese began building Fort Jesus in 1593". Lakini kwa kuwa ngome yenyewe ingali imesimama pale Mji wa Kale, tutasema "It has stood for more than four hundred years".

La pili, ambalo naliona zito kuliko yote, ni -ka-. Msimulizi wa Kiswahili hutaja -li- mara moja, kisha -ka- ikabeba hadithi nzima: aliamka, akaoga, akashuka Likoni. Kiingereza hakina -ka-. Kila kitenzi hubeba wakati wake chenyewe, "he woke up, bathed and walked down to Likoni", na mwanafunzi asiyelijua hilo huanza vizuri, kisha kufikia sentensi ya tatu vitenzi vyake vimebaki uchi, "he bath and walk", ingawa kichwani mwake hadithi bado iko jana.

Pima pia mpangilio wa matukio. "When we reached Likoni, the ferry left" humaanisha kwamba tulifika, ndipo feri ikang'oa nanga. "The ferry had left" humaanisha kwamba tuliikuta imekwisha kwenda. Kiswahili hutofautisha hayo kwa "ikaondoka" na "ilikuwa imeondoka", kwa hiyo atakayeisema sentensi moyoni kwa Kiswahili hatakosa umbo linalofaa. Vivyo hivyo "nilikuwa nikivuka simu ilipolia" hutoa "I was crossing when the phone rang".

Katika kukanusha, lugha yetu inatusaidia kweli. "Hakuenda" huonyesha wakati uliopita mara moja tu, kwa -ku-, na mzizi hauguswi. "Did not go" hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo "did not went" ni kuonyesha wakati mara mbili.

Tahajia haihitaji maneno mengi: "stopped" huongeza herufi, "studied" hubadilisha y, "put" na "cut" hazibadiliki, na "read" hubadilika matamshi tu.

Hatimaye, tenga dakika tano za mwisho kwa kupitia vitenzi peke yake, ukiviwekea kidole kimoja baada ya kingine, huku ukiacha maneno ya wahusika yaliyo ndani ya alama za kunukuu yabaki katika wakati waliozungumzia.