Kufundisha somo la jangwa kwa jumuiya ya kando ya ziwa

Aliyekulia Kirumba au Igombe, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, huamka akiona maji. Ukimtajia jangwa, atawaza mchanga na ngamia. Basi anza na neno lenyewe. Kwa Kiebrania ni midbar: nchi isiyolimwa, yenye mawe na majani ya msimu, ambako wafugaji hupitisha mifugo. Huko ndiko Daudi alikochunga kondoo (1 Samweli 17:28). Wasukuma wataelewa upesi: ni machungani wakati wa kiangazi. Waambie mapema kwamba Biblia zetu husema mara jangwa, mara nyika, wasije wakadhani ni mahali pawili.

Kisha someni Kutoka 16 yote, taratibu: habari ya mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani. Njoo na sado. Pishi ya mana ya mtu mmoja kwa siku ilikuwa kama lita 2, yaani nusu sado. Mimina mchele hadi nusu, weka katikati, uulize: ungethubutu kumaliza chote leo, ghalani hamna kitu? Waliobakiza walikuta mabuu asubuhi. Akiba ya siku ya sita, waliyoagizwa kuiweka, haikuoza. Usiharakishe hapa. Jangwani ghala limeondolewa ili ionekane moyo unaegemea nini (Kumbukumbu 8:2-3).

Ndipo mwende Mathayo 4. Majibu yote matatu ya Yesu kwa Ibilisi aliyemjaribu jangwani yametoka Kumbukumbu la Torati: 8:3, 6:16 na 6:13. Wape watu watatu wayasome kwa sauti.

Kosa linaloumiza watu ni kufundisha kwamba jangwa ni adhabu tu. Hesabu 14:34 inasema adhabu, kweli: mwaka mmoja kwa kila siku ya upelelezi wa nchi ya Kanaani, miaka 40. Lakini Yesu aliongozwa huko na Roho, na Eliya aliyetaka kufa alilishwa mkate na maji (1 Wafalme 19). Mvuvi aliyeibiwa nyavu usimtafutie dhambi. Wala usimwahidi kwamba siku ya 40 mambo yatanyooka. Andiko halisemi hivyo.

Mfano wa karibu ni mbalamwezi: taa hazivuti dagaa, mitumbwi imepandishwa ufukweni, mfuko mtupu. Uutumie baada ya andiko. Ukitangulia, watu watajadili bei ya dagaa hadi jioni.

Malizeni kwa ukimya wa dakika 20 juu ya mawe, kila mtu peke yake na Hosea 2:14, simu zikibaki kwenye kikapu. Fanyeni kabla ya saa nne asubuhi, mawe hayajapata moto.